Benchi la Mzazi

Siku Chiriku alipoanza chekechea, mama yake alikuwa amesimama mbele ya meza ya pasi akinyoosha shati la mwanamume asiyemjua hata kwa sura. Alianza na kola, kama alivyofundishwa, akaenda mabegani, akashuka mikononi. Mkono ulikwenda wenyewe, mwenye mkono hakuwapo. Mawazo yake yalikuwa kwenye lango la buluu la chekechea, na katika mawazo hayo Chiriku alikuwa ameshika vyuma vya lango kwa mikono miwili, analia, anamtaka mama.

Tusifichane: Mama Chiriku alikuwa akiomba mtoto alie. Si kilio cha maumivu, hakuna mzazi anayemtakia hayo mwanawe. Alitaka kile kilio kidogo tu, cha kuwafanya walimu watazamane na kusema, masikini, huyu kamzoea mama yake. Wiki nzima alikuwa amemsihi msimamizi wa kazini ampe ruhusa ya asubuhi moja. Mahali pale palifuliwa nguo za mahoteli na za watu wenye haraka zao, na msimamizi huyo wafanyakazi walimwita Bi Saa, kwa kuwa hakuweza kusema sentensi mbili bila kuinua mkono na kutazama saa yake, hata kama alikuwa anatoa pole ya msiba.

"Mtoto ana baba?" Bi Saa alikuwa amemwuliza.

"Anaye, bosi."

"Baba yuko kazini?"

Mama Chiriku akatazama sakafu. Wote mle ndani walijua kwamba karakana alikoshona viti vya magari mumewe ilifungwa, na tangu hapo fundi alikuwa anashinda nyumbani akipika, akifagia na kumlea mtoto. Bi Saa naye alijua. Alitaka tu kulisikia jibu likitoka.

"Hayuko kazini, bosi."

"Basi mwenye nafasi ampeleke mtoto, mwenye kazi afanye kazi," alisema Bi Saa, akatazama saa, akaenda zake.

Mashoga zake wa meza ya pili walicheka kidogo, kicheko cha kumpoza. Mmoja akamwambia, "Jikaze kisabuni, mwenzangu. Mume wa kumpeleka mtoto shule siku hizi unampata wapi?" Mama Chiriku akacheka nao. Moyoni alisema: mchukue basi, ukae naye wewe, uone inavyouma.

* * *

Jioni hata viatu hakuvua. Alichuchumaa pale mlangoni, akamvuta mtoto. "Haya, niambie. Ulilia?"

Jina la Chiriku lilitokana na mdomo ambao haukupata kufungwa tangu siku ulipojua kusema. Hata usingizini alikuwa anabishana na watu. "Sikulia," alisema. "Kuna mtoto alilia mpaka akatapika. Nikampa leso yangu. Halafu tukaimba. Halafu kuna bata wa mbao ana mguu mmoja, Baba amesema atamtia mwingine."

"Na mama hukumkumbuka?"

Chiriku akafikiri, maana hakuwa mtoto wa kudanganya bila sababu. "Baba alikuwepo," alisema.

Baba mwenyewe alikuwa anapakua chakula, amejifunga taulo kiunoni. Akaeleza kwa furaha utaratibu wa Mwalimu wa pale. Kila mtoto mgeni huja na mzazi mmoja, na mzazi hupewa benchi. Siku ya kwanza benchi huwekwa ukutani ndani ya darasa, mtoto akamwona mzazi wake kila akigeuza shingo. Kesho yake husogezwa kidogo kuelekea mlangoni, mtoto akishazoea hutoka barazani, halafu husogea mpaka karibu na lango. Mwisho mzazi hulibeba mwenyewe akalirudisha stoo, akaenda zake, na mtoto hana habari naye tena.

"Lakini wewe usifurahi mno," mumewe alisema akicheka. "Lile benchi limetengenezwa kwa watoto. Nimekaa magoti yamefika masikioni. Akina mama wote pale wananicheka."

"Akina mama wapi?"

"Wa pale. Wazazi."

Mama Chiriku akaketi, akala, akasifu mchuzi. Alimtazama mwanawe: nywele zimesukwa mistari iliyonyooka, kazi ya vidole vya fundi aliyezoea kushona ngozi ngumu. Mgongoni pa kiti palining'inia mkoba mwekundu aliomshonea kwa mabaki ya viti, wenye mshono maradufu na mfuko wa pembeni wa leso. Kila kitu cha mtoto siku hizi kilikuwa na alama ya mkono wa baba. Cha mama kilikuwa ada ya chekechea, na ada haina sura, mtoto haioni.

* * *

Mungu si Athumani, wanasema watu. Wiki ya pili boila la mvuke pale kazini likapasuka bomba, na wafanyakazi wa pasi wakaambiwa warudi mchana. Mama Chiriku alirudi nyumbani mbio, mumewe akishangaa ameona nini njiani, akamnyang'anya kitana cha mtoto mkononi.

"Leo nampeleka mimi."

"Vizuri," alisema mumewe. "Benchi sasa liko barazani. Ukifika usikae sana, yeye huingia tu mwenyewe. Keshokutwa Mwalimu anasema tunalirudisha stoo."

Alivaa gauni lake la kijani la sherehe, akajipaka mafuta. Njia nzima alimshika mtoto mkono, akawa anawasalimu watu asiowajua ili wamwone. Langoni mlinzi, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, akampigia Chiriku saluti. Kisha akamgeukia yeye.

"Karibu, binti. Wewe ndiye dada wa kazi? Baba yake hajambo?"

"Mimi ndiye mama yake," alisema Mama Chiriku.

"Ah! Mama!" Mzee akavua kofia. "Samahani sana, mama. Hatujawahi kukuona."

Pale uani kulikuwa na akina mama watatu wanne wakifunga vifungo na kufuta pua za watoto. Mmoja mwenye miwani akaja moja kwa moja. "Wewe ndiye mke wa Baba Chiriku? Jamani, una bahati! Juzi kamshonea mwanangu mkanda wa mkoba papo hapo, sindano anatembea nayo mfukoni. Na vituko vyake! Leo hatuna wa kutuchekesha." Akamtazama lile gauni la kijani toka juu mpaka chini. "Unatoka harusini?"

Mama Chiriku alisema anakwenda mahali. Kumbe mume wake ana vituko. Nyumbani kwake mume alikuwa mtu wa kusema pole na kugeukia ukutani. Sasa alikuwa na wivu wa namna mbili, wa mtoto na wa mume, na kila mmoja unamsukuma mwenzake mbele.

Akaja kwenye mlango wa darasa. Hapo ndipo alipokuwa ameweka matumaini yake yote. Akainama, akasema kwa sauti ambayo wengine wangeisikia, "Haya, mama anaondoka."

"Haya," alisema Chiriku. Akamwachia mkono, akaingia. Hakugeuka hata shingo. Mkoba mwekundu ulikwenda ukirukaruka mgongoni mpaka kwenye bata wa mbao, ambaye sasa alikuwa na miguu miwili.

Karibu naye mtoto wa kiume alikuwa amejifunga kwenye mguu wa mama yake kama kamba, na mama yake analalamika, "Jamani huyu ataniua," huku uso umemjaa raha. Mama Chiriku alimtazama mwanamke yule, akamwonea kijicho ambacho hajapata kumwonea mtu mwenye nyumba wala gari.

"Chiriku!" aliita. "Njoo kwanza."

Mtoto akarudi. Mama akapiga magoti barazani, gauni la kijani likashika vumbi, akamsogezea mdomo sikioni. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini nani hukumbuka methali wakati anapozihitaji?

"Mama akienda kazini huwa analia," alimnong'oneza. "Wewe ukiwa hapa unacheza, mama yuko peke yake, analia. Lakini ni siri yetu. Usimwambie Baba."

Chiriku akamtazama machoni, akatazama bata, akamtazama tena. Midomo ikaanza kumcheza. Halafu kilio kikaja, kile hasa alichokuwa akikiomba, na mikono miwili ikamzunguka shingoni. Wale akina mama wakageuka. Yule wa miwani akasema, "Masikini, kumbe kwa mama yake hajiwezi!" Mama Chiriku alimkumbatia mwanawe, akamfuta, akambusu, na asubuhi ile hakukuwa na mwanamke tajiri kumzidi.

Mwalimu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, akatoka. "Mama, wewe nenda tu, atanyamaza." Lakini yeye hakwenda. Alikaa kwenye benchi na mtoto mapajani mpaka alipochelewa hata huo mchana aliopewa, na Bi Saa akamkata siku nzima. Hakujali.

* * *

Kesho yake Chiriku aligoma kuvaa viatu. Baba alimbeba. Mle darasani akakaa karibu na mlango, mkoba mapajani, kama abiria anayesubiri kuondoka. Alipoitwa kucheza alitikisa kichwa. Aliposogezewa bata akageuza uso, na alipoona wenzake wanacheka akaanza kulia. Benchi lilirudishwa kutoka barazani hadi ndani, na siku iliyofuata likarudi ukutani, pale lilipoanzia.

"Sielewi," mumewe alisema jioni. "Mtoto aliyekuwa anakimbia kwenda! Na anakuita wewe tu. Mama, mama, kutwa."

"Kutwa?" aliuliza Mama Chiriku.

"Kutwa."

Kwa mdomo alisikitika. Kwa siri aliyaficha maneno yale akaenda nayo kazini, akayatafuna juu ya mashati ya watu. Alijiambia itapita. Watoto ni watoto. Kila jioni Chiriku alimpokea mlangoni, akamtazama uso kwa makini, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Leo ulilia?" Naye badala ya kukata mzizi, alisema, "Kidogo tu, mwanangu." Maana ilikuwa tamu, ile mikono shingoni.

Ndipo simu ya kazi ilipoita. Karakana ya mabasi, ng'ambo ya mji, ilitaka fundi wa kushona viti, na aliyewahi kuwa bosi wa Baba Chiriku ndiye aliyemtaja. Aanze Jumatatu. Asipofika Jumatatu wapo wengine mlangoni. Mumewe aliposema habari ile alikuwa amesimama katikati ya chumba na mikono hajui pa kuiweka, akaanza kucheka, halafu akaketi akafunika uso kwa lile taulo. Mama Chiriku alikuwa hajamwona hivyo tangu harusi yao.

Jirani yao, Mama Pacha, alikubali kumchukua Chiriku mchana pamoja na mapacha wake. "Mchana mimi sina neno," alisema. "Lakini asubuhi mjue wenyewe. Mimi na hawa wawili nikifika langoni ninahema. Mtoto anayelia sitamweza." Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, Chiriku aingie darasani abaki. Asipobaki, mmoja wao lazima akae naye nyumbani, na wote walijua ni yupi, kwa kuwa mshahara uliokuwa mkononi ni wa pasi.

Alhamisi Mwalimu akaita wazazi wote wawili.

* * *

Waliketi kwenye viti vya watoto, kwani vingine havikuwapo. Baba Chiriku alikuwa amevaa shati lake jeupe, lile ambalo mkewe alilinyoosha asubuhi. Chiriku aliwekwa pembeni na karatasi na rangi, naye hakuzigusa.

"Nitasema wazi," alianza Mwalimu. "Nimefundisha muda mrefu. Mtoto akilia mwanzo ni kawaida. Mtoto aliyezoea, akacheza, kisha akabadilika ghafla namna hii, huwa kuna jambo. Nafasi hii ina watoto wengine wanaoingoja, lakini hilo si kubwa. Nataka kujua nyumbani kuna nini."

"Nyumbani hakuna kitu," alisema Baba Chiriku.

"Anapigwa?"

Baba Chiriku akainuka nusu, kile kiti kidogo kikainuka naye, kimembana. Akakaa tena. "Mwalimu, mimi nimemlea mtoto huyu kwa mikono hii. Namsuka, namwogesha, namlisha. Mwulize kama nimewahi hata kumfinya. Pengine tuulizane, hapa ndani nani kampiga? Mtoto katoka kwangu mzima!"

"Mimi sijampiga mtoto hapa, baba. Punguza sauti."

"Nipunguze nini, na wewe unaniita mpigaji?"

Mlinzi akachungulia dirishani. Mama Chiriku alikuwa amekaza macho kwenye vidole vyake, vyenye makovu madogo ya pasi. Kikulacho ki nguoni mwako, na wawili hawa walikuwa wanakitafuta uani. Alijiambia: nyamaza. Watagombana, watachoka, mtoto atasahau. Siri anaijua yeye na Chiriku tu.

Mwalimu akamgeukia mtoto. "Chiriku, njoo. Niambie, kwa nini hutaki kucheza? Nani kakufanya nini?"

Chiriku akaja, mkoba wake mkononi. Akafungua mdomo. Halafu akamtazama mama yake, akaufunga.

"Sema, mwanangu," alisema baba, na sauti yake sasa ilikuwa imeshuka. "Ni mimi? Nimekukosea nini mimi?"

Mtoto akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamshuka lakini midomo aliibana mpaka ikawa mistari. Chiriku, aliyebishana na watu hata usingizini, alikuwa anailinda siri aliyopewa. Mwalimu alimtazama mtoto, kisha akaitazama mikono mikubwa ya Baba Chiriku, na baba aliona inavyotazamwa. Akaiingiza mikono yake chini ya mapaja, kama mtu mwenye hatia.

Hapo ndipo Mama Chiriku alipoona alichokifanya. Alitaka mtoto ampende yeye kuliko wote. Haya, alikuwa amependwa.

"Ni mimi," alisema.

Hawakumsikia. Akarudia. "Ni mimi, Mwalimu. Nilimwambia akicheza mimi ninalia kazini. Nikamwambia ni siri. Siku ile niliyomleta aliingia bila kugeuka, nikaona vibaya. Nilitaka alie."

Uani watoto walikuwa wanaimba wimbo wa kunawa mikono.

"Ulitaka alie," alisema mumewe polepole.

"Kidogo tu."

Chiriku alikuwa amemsogelea, akamshika uso kwa mikono yake miwili. Akapumua kama aliyetua mzigo kichwani, na maneno yakafunguka yote kwa pamoja. "Mimi sikumwambia, Mama. Umesema mwenyewe. Sasa kule kazini nani atakufuta machozi? Kuna mtu? Yule Bi Saa ana leso?"

* * *

Walirudi kwa miguu, mtoto mgongoni mwa baba. Mama Chiriku alitembea nyuma yao, akingoja matusi. Mumewe hakutukana. Alipofika kwenye kona ya nyumba yao akasimama, akamweka mtoto chini akimbie mbele.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningekupa lile benchi."

"Kazi ningeiacha na nani?"

"Unadhani nilikuwa nakaa pale kwa raha? Wanaume wenzangu wako kazini, mimi nachekesha akina mama ili wasinionee huruma. Asubuhi wewe ukifunga mlango ukaenda, nilikuwa nakuonea wivu. Mikono yako inanuka kazi. Yangu inanuka sabuni ya vyombo."

Muda wote ule walikuwa wamelala kitanda kimoja, kila mtu na wivu wake, wamepeana migongo.

"Yule mwenye miwani," alisema mwishowe, "ulimshonea mkanda?"

"Ee."

"Usimshonee tena."

Mumewe akamtazama, akataka kukasirika, akashindwa. Lakini jioni ile chakula alipakua Mama Chiriku, na mumewe alikula, hakumshukuru.

* * *

Mwalimu alikuwa amesema neno moja tu la mwisho: benchi lianze upya ukutani, na safari hii akalie mama, kwa kuwa aliyeufunga mlango ndiye mwenye ufunguo. Mama Chiriku akaenda kwa Bi Saa, akasimama mbele ya meza yake, akasema yote bila kuficha. Kwa nini aliyasema yote hakujua. Labda ukishajivua nguo mara moja, mara ya pili ni nafuu.

Bi Saa alisikiliza. Mkono wa saa ulikuwa juu ya meza na hakuuinua. "Wangu alilelewa na mama yangu," alisema. "Sasa ni mtu mzima. Yeye anamwita mama. Mimi ananiita dada." Kisha akajikohoza, akarudi kuwa bosi. "Asubuhi utapewa, bila malipo. Lakini meza ya mashati siwezi kuiacha wazi. Ukirudi utakwenda kwenye mashine ya mashuka."

Kwenye mashine ya mashuka kulikuwa na joto la kubabua nyusi na hakukuwa na bahashishi ya mteja hata mmoja. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mama Chiriku akasema asante, bosi.

Jumatatu Baba Chiriku ndiye aliyetoka mapema na sindano zake, ndiye aliyefunga mlango. Mama Chiriku alimsuka mtoto, mistari ikaenda upogo. Chiriku akajitazama kwenye kioo. "Si kama ya Baba," alisema, lakini hakuomba afumuliwe.

Mama Chiriku alikaa kwenye benchi ukutani, magoti yamefika masikioni. Kwanza mtoto hakumwacha. Alicheza kidogo, akaja, akamgusa mashavu kwa kiganja kutazama kama yamelowa, akarudi. Akacheza, akaja tena. Mama Chiriku alikuwa na kazi moja, kuwa mkavu, na hajapata kufanya kazi ngumu kama ile. Alipoambiwa asogeze benchi mlangoni alilisogeza. Alipoambiwa barazani alilitoa. Kila hatua alimsikia mwanawe akipungukiwa na haja naye, na kila hatua alitabasamu. Yule mwenye miwani alimpita akamwuliza habari za Baba Chiriku. Akamjibu kwamba yuko kazini, na neno hilo kazini alilitamka vizuri, polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Mara moja alikaribia kushawishika. Mtoto alipomwuliza, "Nikicheza sana je?" ulimi wake ulimwasha. Ingetosha kusema, kidogo tu, mwanangu. Akasema, "Cheza sana. Mama ana wenzake kule, wanacheka kutwa. Na Bi Saa ana leso."

Asubuhi moja, benchi likiwa karibu na lango, Chiriku alitoka nje akaja mpaka kwake. Akamshika uso. Alipapasa shavu la kulia, akapapasa la kushoto, akapitisha kidole chini ya kila jicho, taratibu, kama baba yake anavyokagua mshono.

"Pakavu," Chiriku alimtangazia Mwalimu aliyekuwa mlangoni. Kisha akamwambia mama yake, "Nenda tu. Utachelewa." Akakimbia ndani, mkoba mwekundu unaruka mgongoni, hakugeuka.

Mzee mlinzi akaja. "Tulipeleke stoo, Mama Chiriku?" alisema, na sasa alimjua kwa jina. Alishika upande mmoja wa benchi, yeye akashika wa pili, wakaliingiza gizani juu ya madawati yaliyovunjika. Alipotoka alisimama kidogo chini ya dirisha la darasa. Watoto walikuwa wanacheka, wote kwa pamoja, na katikati ya vicheko vyote alikitambua cha mwanawe, ambacho hakikuwa na habari naye. Akaona wivu. Akajifuta vumbi la benchi mikononi, akaenda kazini.